Usukani Unatetemeka, na Fundi Ni Shemeji Yangu

Kwako mshauri,

Naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya shule ninakofundisha, karibu na Gilgil. Ni saa kumi na moja jioni na wenzangu wameshaondoka. Nimebaki kwa sababu naogopa kushika barabara nirudi nyumbani Nakuru.

Gari letu ni SUV ya viti saba ya mwaka 2015. Tulilinunua miaka minne iliyopita likitoka Japani, na limetulea vizuri. Lakini tangu mwezi wa Aprili usukani unatetemeka. Ndani ya mji sioni kitu. Nikishapita Lanet na kukaribia Mbaruk, mshale ukigusa 90, nausikia kwenye vidole. Kwenye 100 usukani unacheza kushoto na kulia hadi saa ya mkononi inatikisika. Mara moja, nilipokuwa nikipita lori, nilifika kama 115 na mtetemo ukapungua. Sikuelewa, na sijathubutu kurudia.

Kuna jambo jingine. Aprili hiyohiyo tulikuwa tunateremka kutoka Kericho, tumepita Kapsoit tunaelekea Awasi, na kila nilipokanyaga breki usukani ulitetemeka kwa namna nyingine, mpaka mguu ukausikia kwenye pedali.

Fundi wetu ni mdogo wa mume wangu. Ana gereji ndogo hapa Nakuru, na tangu tununue gari hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Hatutozi ufundi, sisi hununua spea tu. Mwaka jana kitinda mimba wetu aliposhikwa na pumu usiku wa manane na gari likakataa kuwaka, ni shemeji huyu aliyekuja na pikipiki, akamfunga mtoto kwa koti lake na kunipeleka naye hospitalini. Kwa hiyo siandiki kumtukana.

Lakini amefanya alaimenti mara tatu. Amebadilisha tairodi zote mbili (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu), bushi (raba za viungo), na shokabsoba za mbele. Risiti nimeziweka, jumla Sh47,300. Baada ya tairodi mpya mtetemo ulipungua kama wiki mbili, kisha ukarudi. Sasa anasema ni reki ya usukani, kile kifaa kinachozisukuma tairodi ukigeuza usukani, na iliyotumika inapatikana kwa Sh65,000. Hizo pesa ninazo, ila ni akiba ya karo ya kifungua mimba wangu.

Mume wangu huniambia, "Mbona mimi nikiliendesha halina neno?" Yeye huliendesha Jumamosi kwenda sokoni na Jumapili kwenda kanisani. Siku moja alisema mbele ya mama mkwe kwamba tangu nilipoona ajali ya lori kule Salgaa nimekuwa mwoga wa barabara. Wote wakacheka. Nilienda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Tangu siku hiyo sijalitaja tena.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa fundi wa hapa Gilgil. Alitazama chini ya gari dakika kumi, akasema reki ni nzima, akaongeza, "Huyo fundi wenu anawala." Sikulala. Shemeji anatuibia? Hajui kazi? Au ni kweli woga wangu? Nimefikiria kulipeleka gari kwa mtu mwingine kimyakimya, nilipe mwenyewe, na yeyote asijue.

Mwezi ujao tunaenda Vihiga kwa ukumbusho wa baba mkwe. Tutakuwa saba garini: sisi wawili, watoto watatu, mama mkwe, na shemeji mwenyewe. Nifanyeje?

Mwalimu, Nakuru

*

Mwalimu wangu mpendwa,

Pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari kila mahali ulipotaja kasi na breki. Mafundi hulilia habari kama hizo, maana wengi wetu tukifika gereji tunasema tu "linatetemeka," kisha tunaketi kwenye benchi na kungoja. Wewe umeeleza linatetemeka lini. Mtu anayeongozwa na hofu tu hakumbuki kwamba kwenye 115 mtetemo ulipungua.

Niruhusu nianze na mume wako kabla ya gari, kwa sababu nadhani hapo ndipo panapouma zaidi. Yeye hasikii kitu, wewe unasikia, na umelipokea hilo kuwa hakuamini. Kicheko cha siku ile kilikuwa kibaya na sitakitetea. Lakini hebu tazama anakoendesha: sokoni, kanisani, mwendo wa 40 au 50. Gurudumu la gari kama lenu lina mzingo wa kama mita mbili na robo. Kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka takriban mara 12 kila sekunde, na kwenye 50 mara sita. Tuseme upande mmoja wa rimu umezidi uzito kwa gramu 30, kiasi cha vijiko viwili vikubwa vya sukari. Kwenye 100, hizo gramu 30 zinalivuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo nne, huku na huku, mara 12 kila sekunde. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu hiyo inabaki robo tu.

Tena gurudumu na springi zake zina mdundo wao wa asili. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma kwa wakati wake anapaa juu, ukiwahi au ukichelewa bembea inagoma. Msukumo wa gurudumu ukikutana na mdundo huo, mara nyingi kati ya 80 na 110 au karibu na hapo, usukani unacheza kweli. Ukiupita mdundo, unatulia. Ndiyo maana 115 ilikushangaza. Basi yawezekana kabisa kwamba wewe na mume wako nyote mnasema kweli kuhusu gari lilelile. Yeye hajawahi kulifikisha mahali linapolalamika.

Sasa shemeji. Umeniuliza kama anawaibia, na siwezi kulijua hilo kutoka hapa nilipo. Ninaloweza ni kukuonyesha kwamba ulichokiona kina maelezo mengine. Tairodi iliyolegea, bushi iliyokufa na shokabsoba iliyochoka mara nyingi haziuanzishi mtetemo, zinaupitisha. Gurudumu likiwa na kasoro ndogo na vifaa vyote vimekaza, mkono wako unasikia kidogo. Vifaa vikichakaa, kasoro ileile inafika mkononi yote. Hiyo huenda ndiyo sababu tairodi mpya zilikupa wiki mbili za nafuu. Inawezekana kila alichokibadilisha kilikuwa kimekufa kweli, na chanzo bado kipo palepale.

Alaimenti ndiyo iliyonifanya nisimame. Kazi yake ni kuyapanga magurudumu yaelekee sawa. Ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa ukingo. Ni mara chache ikaleta mtetemo wa kasi fulani. Kazi inayohusika zaidi na dalili zako ni kubalansi magurudumu, yaani kulifunga kila gurudumu kwenye mashine, kulizungusha, na kubandika vipande vidogo vya risasi au chuma pale palipopungukiwa. Neno hilo nimelitafuta kwenye barua yako yote, sikuliona. Labda lilifanyika na hukuandika. Lakini mashine hiyo huwa kwa wauza tairi, si kwenye kila gereji ndogo, na fundi, kama sisi sote, huutafuta ugonjwa mahali ambapo vifaa vyake vinafika. Hilo si wizi.

Na yule fundi wa Gilgil, je, aliliendesha gari kwenye 100, au alitazama tu likiwa limesimama? Huenda kuhusu reki amesema kweli. Reki iliyochakaa huwa na dalili zake: usukani unakuwa na mchezo, unauzungusha kidogo na magurudumu hayaitiki, sauti ya kugonga kwenye mashimo, mafuta yanayovuja kama ni ya haidroliki. Hakuna hata moja uliyoitaja. Lakini dakika kumi zilimtosha kumhukumu mtu asiyemjua, na neno lake moja limekunyima usingizi. Ningelipima kwa mizani ileile unayompimia shemeji.

Kuna swali moja ambalo hukujiuliza: je, ni ugonjwa mmoja au miwili? Mtetemo wa Mbaruk unakuja bila breki. Ule wa Kapsoit ulikuja kwa breki na mguu ukausikia. Huo wa pili mara nyingi ni wa diski za breki za mbele, zikiwa unene wake haulingani tena pande zote, hivyo pedi inashika na kuachia kila mzunguko. Mteremko mrefu ukishikiliwa kwa breki tu huzichemsha diski na kuuzidisha. Nati za magurudumu nazo zikikazwa ovyo, moja baada ya nyingine kwa kuzunguka badala ya kwa mkingamo, zinaweza kuipinda diski taratibu. Kwa hiyo ukibalansi, ukafurahi hadi Kericho, kisha usukani ukatetemeka kwenye breki, usidhani umedanganywa tena. Ni kesi nyingine, na diski hupimwa kwa kipimo cha unene, zikachongwa kama unene unaruhusu au zikabadilishwa zote mbili pamoja.

Kuna vipimo visivyogharimu kitu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu vinaweza kukusaidia na shemeji pia. Kimoja ni kuhamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki upande wake, kisha kuliendesha gari palepale Mbaruk kwenye kasi ileile. Mtetemo ukihama kutoka mikononi na kuingia kwenye kiti, basi umejua unakaa kwenye tairi au rimu. Ukibaki mikononi vilevile, macho yarudi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), beringi, shafti zinazozungusha magurudumu, na viungo vya mbele. Fundi yeyote mwenye jeki na spana ya magurudumu anaweza kufanya hivyo kwa muda mfupi. Shemeji wako anaweza. Hahitaji kuambiwa amekosea. Anahitaji tu kuombwa ajaribu, nawe ukiwa umesimama hapo.

Magurudumu yakiwa nje, tazameni upande wa ndani wa rimu. Barabara ya shuleni kwenu ni ya lami au ya udongo? Miaka mingi iliyopita, nikitoka Luanda kwenda Maseno asubuhi ya baada ya mvua, gari langu lilianza kutetemeka hivyohivyo, na nikaingia mjini Kisumu nikiwa tayari nimejiandaa kuuza ng'ombe. Kilikuwa kibonge cha tope kilichokauka ndani ya rimu. Maji na kijiti vilitosha. Sikuahidi kwamba lako litakuwa jepesi hivyo, ila mashimo ya barabara zetu hupinda rimu na mvua zetu hujaza tope, na yote mawili hukaa upande ambao hatuuoni. Zungusheni gurudumu likiwa hewani na mshike kijiti karibu na ukingo wake: rimu iliyopinda itakigusa na kukiachia.

Tairi nazo uzitazame. Ziliwekwa lini, zikiwa mpya au za mtumba? Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 3216 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na mifereji mizuri na waya zake za ndani zimeanza kuachana, na hapo hakuna balansi itakayoitibu. Pitisha kiganja juu ya tairi taratibu. Ukisikia mwinuko au uvimbe, au ukiuona ubavuni, hilo siliachi kwenye fungu la mambo ya kutafakari: gari lisitoke kwenda barabara kuu na tairi hiyo. Vivyo hivyo nati ikiwa imelegea, au gurudumu likitikisika ukilishika juu na chini likiwa kwenye jeki, au mtetemo ukiongezeka ghafla, hasa baada ya gurudumu kufunguliwa. Hapo unasimama kando, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Kila moja ina gharama yake.

Unaweza kulipa zile Sh65,000. Amani ya nyumbani itabaki kama ilivyo, na kama shemeji yuko sahihi utakuwa umemaliza. Hofu yangu ni kwamba sijaona katika barua yako kipimo kinachoelekeza kwenye reki, na reki iliyotolewa kwenye gari jingine inakuja na miaka yake. Kabla ya hapo si utovu wa heshima kumwambia, "Shemeji, nionyeshe kwa mkono pale inapocheza." Fundi anayeamini alichokiona hufurahi kukionyesha. Na kama pesa hizo zina jina la mtoto, mtoto ana haki mliongelee hilo wawili, wewe na baba yake.

Unaweza kwenda kimyakimya kwa muuza tairi. Balansi ni kazi ndogo, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya reki. Huenda ukapona siku hiyohiyo. Ila vipande vipya vya balansi hung'aa kwenye rimu. Siku shemeji atakapofungua gurudumu, ataviona kabla hajashika spana, na atajua. Atajiuliza kwa nini hukumwambia, yeye aliyembeba mtoto wako kwenye koti. Labda utaweza kulieleza. Labda ukimya huo utamuuma kuliko maneno. Wewe unamjua, mimi simjui.

Unaweza kwenda kwa muuza tairi pamoja naye. "Shemeji, nimeona linatetemeka kati ya 90 na 100 tu, twende tukayazungushe kwenye mashine tuone." Sentensi hiyo haimshtaki mtu. Inawezekana akakasirika hata hivyo. Wanaume wengine wenye ujuzi huona swali kuwa shtaka, hasa likitoka kwa mke wa kaka. Inawezekana pia akapumua. Usisahau kwamba amekuwa akifanya kazi hii bila malipo, na kila gari liliporudi likitetemeka, huenda naye alilala vibaya.

Kuhusu kumwambia mume wako, nakuuliza tu: ulipoacha kulitaja, alijuaje kwamba bado linatetemeka? Najua kwa nini ulinyamaza. Aliyechekwa mbele ya mama mkwe hana haraka ya kurudi barazani. Lakini huenda yeye anadhani tairodi zilimaliza kazi. Mnaweza kuongea kwa maneno, au unaweza kumwomba Jumapili moja baada ya kanisa akupeleke hadi Kariandusi, mbele ya Mbaruk, na kurudi, yeye ndiye dereva, barabara ikiwa nyeupe na kasi ikiwa halali, ilimradi tairi na nati zimeshakaguliwa. Usimweleze atasikia nini. Ukimwambia mapema atausubiri mtetemo ili aukatae au aukubali kwa ajili yako. Mwache mikono yake imwambie. Na akiusikia, utakuwa na la kusema kuhusu kile kicheko, ukitaka. Asiposikia, nayo ni habari: andika kasi aliyofika.

Ninaposema andika, nina maana ya daftari kabisa, wewe ni mwalimu. Kwa wiki moja, kila ukifika shuleni salama, andika mtetemo ulianza kwenye kasi gani, uliisha wapi, mguu ulikuwa kwenye mafuta, kwenye breki, au umeinuliwa. Kama unakuja tu unapokanyaga mafuta, hasa kupanda mlima, hiyo inaelekeza kwenye shafti za mbele, si tairi. Kama kuna mvumo unaobadilika ukikata kona, hiyo ni beringi. Ukurasa huo mmoja utamfaa shemeji, utamfaa fundi wa Gilgil, na mbele ya mama mkwe utakuwa na uzito.

Safari ya Vihiga iko mbali kiasi cha kukupa nafasi, lakini usiiache ikusukume. Watu saba na mizigo ni uzito mwingine, na mteremko wa baada ya Kapsoit unaujua. Ikifika wiki hiyo na hamjapata jibu, kuna matatu ya heshima Nakuru yanayokwenda Kisumu kila siku, na ukumbusho wa baba mkwe hautapungua kitu mkishuka kwenye gari la abiria. Hilo nalo litaleta maneno, najua. Nani atayasema, na utamjibu nini, pengine ni vizuri uanze kulifikiria sasa, ukiwa umetulia.

Kwa leo jioni, rudi taratibu, kaa kwenye 70 kushoto, waache wenye haraka wapite. Kabla hujawasha, zunguka gari mara moja ushike kila tairi kwa kiganja na kutazama nati. Kisha uniandikie kiganja kilisikia nini.